Kikohozi cha Baba Mkwe

Nilipoolewa Lupepo, kitu cha kwanza mama mkwe alichonifundisha hakikuwa kupika wala kulima. Alinifundisha kusikiliza kikohozi. Baba mkwe hakukohoa ovyo. Kila alipokaribia uani alikohoa mara mbili, kavukavu, hata kama kifua chake kilikuwa kizima kabisa, na maana yake ilikuwa moja: mkamwana, nakuja, jifiche. Hapo niliacha nilichokuwa nakifanya, nikavuta kanga mpaka usoni, nikaingia migombani au nikageukia ukuta mpaka apite. Sikutakiwa kuuona uso wake, wala yeye kuuona wangu. Sikutakiwa kumwambia neno, wala kutaja jina lake hata mbele ya watu wengine. Kwa Wanyakyusa wa zamani hiyo ndiyo heshima ya mke wa mtoto kwa baba wa mumewe, na nyumba ile ilikuwa ya kizamani hasa.

Mimi si mtu wa kunyamaza. Nilizaliwa na kukulia Ibighi, mjini Tukuyu, katika nyumba ya watoto saba ambako asiyepaza sauti hakupata mboga. Nilikuwa mwalimu wa jiografia katika sekondari mpya iliyojengwa kwa michango ya wazazi, na darasani nilijulikana kwa ukali. Lakini mbele ya baba mkwe nilinywea. Sitajifanya kwamba ilikuwa heshima tupu, ilikuwa woga. Wazee walisema mwanamke anayemkodolea macho baba mkwe tumbo lake hufunga, na mimi nilikuwa na mwaka wa pili kwenye ndoa na tumbo langu lilikuwa bapa. Mume wangu, aliyefanya kazi Mbeya na kurudi mwisho wa mwezi, alisema hayo ni maneno ya vibibi. Tumbo lenyewe halikuwa lake.

Basi yakaja masika ya nyota yenye mkia. Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya ruksa ya biashara, tulipokuwa tumetoka tu kwenye foleni za sabuni, na maduka yakaanza kujaa tena kana kwamba kuna mtu aliyefungua bomba. Katika mtaa wa Bagamoyo, hapo hapo Tukuyu, kulikuwa na mwenye duka ambaye babu yake alitoka pwani na cherehani kichwani. Rafu zake, zilizokuwa na chumvi na viberiti tu, sasa zilikuwa na kanga mpya, betri, sweta za mitumba, na kitu kimoja ambacho hakuna mteja aliyewahi kukiulizia: darubini ya macho mawili, iliyoingia pamoja na mzigo kutoka mpakani. Redio yake ilishinda imewaka, na mimi nilikuwa nanunua chaki pale iliposema kwamba nyota yenye mkia, ambayo hurudi baada ya miaka sabini na ushee, ingeonekana vizuri zaidi nchi za kusini, mwezi ule ule, jioni, ukitazama kusini.

Nilicheka kwa sauti. Mwezi ule Tukuyu haioni hata jua. Mvua hushuka asubuhi, hupumzika mchana ili ukungu upite, kisha huendelea. Nguo hukaa kwenye kamba siku nne na bado zinanuka unyevu. Mwenye duka naye akacheka, akasema labda nyota hiyo ije na mwavuli.

Jioni ile mama mkwe hakucheka. Alikuwa anamenya ndizi, na alisubiri mpaka nimekaa.

"Baba yako ameisikia hiyo habari kanisani," alisema. "Anasema ameshaiona."

Nikajua ni hadithi ile. Kila mtu wa pale aliijua. Baba mkwe alipokuwa mtoto mdogo, wakati wa Wajerumani, baba yake alimbeba mabegani akamwonyesha nyota iliyoburuta mkia mbinguni. Wenzake wa rika moja, wale aliohama nao ujanani wakajenga kijiji chao wenyewe kama ilivyokuwa desturi, nao waliiona, kila mmoja kwenye mabega ya baba yake, na waliizungumza mpaka uzeeni. Lakini wote walikuwa wameshakufa. Yeye alibaki nayo peke yake. Wajukuu walimcheka waziwazi, na mwinjilisti alimwambia kwa upole kwamba watoto huota mambo mengi.

"Anataka kuiona tena," mama mkwe aliendelea. "Si kwa kujifurahisha. Anataka kujua kama aliota. Jicho la kushoto limekwisha, na la kulia limeanza ukungu. Ameniambia, muulize mwalimu nyota hiyo iko wapi."

Kwa miaka miwili mzee yule hakuwahi kuniuliza chochote, hata kwa kupitia mtu. Nilimjibu mama kwamba baba ataiona, nikasema kwa sauti ya darasani, kana kwamba mawingu yalikuwa wanafunzi wangu.

Mipango ilikuwa myepesi kuliko nilivyodhani. Likizo fupi ilikuwa imeanza, na wanafunzi tisa wa kidato cha tatu waliokuwa wanakaa karibu walikubali kabla sijamaliza sentensi. Baba mkwe alikuwa na shamba la viazi juu kabisa, karibu na msitu, mahali ambapo ardhi inaporomoka kuelekea Kyela na siku za kiangazi unaliona ziwa. Kusini kote wazi. Alituma neno kwamba tulale huko siku mbili, Ijumaa na Jumamosi. Wasichana na mwalimu kwenye kibanda cha shambani, wavulana chini ya turubai, na yeye angekaa kwenye dungu lake, lile jukwaa la kulindia nyani. Turubai na darubini vilikuwa kwa mwenye duka.

"Darubini haiendi bila mimi," alisema mwenye duka, "na mimi siendi bila turubai. Kwa hiyo mwalimu umepata vyote vitatu."

Ijumaa tukapanda. Matope yalitufika kwenye mashavu ya miguu, na sufuria ya makande ilianguka mara mbili. Tulipofika nilitoa dira yangu, nikachomeka kijiti kuonyesha kusini, kingine kuonyesha kusini mashariki, nikawaeleza wanafunzi pembe ya kutazama. Nilikuwa nimejiandaa. Somo lilikuwa limekaa vizuri. Ndipo nikasikia, kutoka kwenye njia ya chini, kikohozi mara mbili.

Kanga ikapanda usoni yenyewe. Nikageuka. Nikasikia fimbo yake ikipita kwenye matuta, kisha ngazi ya dungu ikilia. Mwenye duka akanong'ona, "Ameshapanda, mwalimu," nami nikashusha kanga na kujikuta nimesimama nikiutazama mlima Rungwe, yaani kaskazini. Dungu la mzee lilikuwa ukingoni mwa shamba upande wa kusini, juu ya korongo ambako nyani hutokea. Kijiti changu cha kusini kilikuwa kimeelekea kwake barabara.

Nitazame wapi sasa? Mashariki na magharibi kulikuwa na miti. Kusini ya dungu kulikuwa na korongo tupu. Kumwambia mzee ahame kwenye dungu lake mwenyewe, hakuna mtu pale ambaye ulimi wake ungethubutu. Nikajituliza kwamba wanafunzi wangetazama kwa niaba yangu, na mwenye duka, ambaye desturi ile haikumhusu, angekuwa mdomo wetu.

Sikuwafikiria wanafunzi vya kutosha. Wote walitoka kwenye nyumba zenye adabu. Mwalimu wao amempa mgongo baba mkwe wake. Mtoto gani mwenye malezi atakaa anamkazia mzee macho juu ya bega la mwalimu? Mmoja baada ya mwingine walijigeuza taratibu wakakaa kama mimi. Jioni ikaingia, manyunyu yakakatika, tukala viazi vya kuchoma, na watu kumi tuliopanda mlimani kuiona nyota ya kusini tukawa tumekaa mstari mmoja tukikabili kaskazini.

Mwenye duka aliomba ruhusa akasali isha. Aliingia chini ya turubai. Mawingu yalikuwa yametanda bila hata ufa, nikaona hakuna neno.

Kikohozi. Mara mbili.

Nikavuta kanga. Nilidhani mzee anashuka, labda anataka kupita kujisaidia. Nikasubiri hatua. Hakuna hatua. Kikohozi tena, mara mbili, kwa nguvu zaidi. Nikainama, wanafunzi nao wakainama. Kikohozi cha tatu kilikuwa kirefu, mpaka sauti ikakwaruza, na mimi nikiwa nimegusa magoti kwa paji la uso, nikijiuliza kwa hasira mzee huyu ana nini, mbona hapiti? Halafu kimya.

Mwenye duka akatoka akirekebisha kofia yake.

"Jamani, mbona mmeinama kama mnatubu? Nimeona nyota kwenye tundu la turubai. Kule kulikuwa kweupe!"

Sauti ya mzee ikatoka kwenye dungu, nyembamba, ikimwelekea yeye. "Mwambie mwalimu mbingu ilifunguka huku. Sasa imefunga. Nilikuwa nakohoa kumwita."

Sikuwahi kuona aibu ya namna ile. Alikuwa ananiita kwa sauti pekee aliyoruhusiwa kuitumia kwangu, na kila alivyoniita ndivyo nilivyozidi kujificha. Mwanafunzi mmoja akaanza kucheka, mwingine akamfuata, na mwisho nikacheka na mimi mpaka machozi yakatoka. Lakini yale machozi hayakuwa ya kicheko peke yake. Nililala nimeuma meno.

Jumamosi nilimfunga mwenye duka kamba. Nilimwambia asali mapema, akae katikati, asiondoke hata kwa kiberiti. Wanafunzi niliwapanga kwa amri wakitazama kusini, nikawaambia leo adabu ni kutazama. Mimi nilikaa ubavu, nusu ya kanga usoni, na kwa pembe ya jicho niliweza kuiona mbingu bila kuliona dungu. Ilinyesha, ikaacha, ikanyesha. Kisha kipande kidogo kikatanuka juu ya korongo, nami nikaiona. Ilikuwa hafifu, yenye manyoya, kama pamba iliyovutwa kidogo na vidole.

"Mwambie baba," nilisema, "juu ya mti mrefu, kushoto, kama viganja viwili."

"Mzee! Juu ya mti mrefu, kushoto, viganja viwili!"

"Mti upi?" mzee akauliza. "Miti iko miwili."

"Anauliza mti upi."

"Ule wa mbele, uliokatika tawi."

"Mzee! Wa mbele! Uliokatika tawi!"

"Kushoto yake au kushoto yangu?"

Mwenye duka akanigeukia, na nilipofungua mdomo, pamba yangu ilikuwa imeshaingia kwenye wingu. Wasichana wawili walisema wameiona. Wengine waliona matawi. Darubini ilikuwa mikononi mwa mzee, imeelekezwa kwenye mti usiohusika.

Mzee aliishusha darubini. Kisha akasema, polepole, kwa Kiswahili chake cha shambani, "Mwambie mwalimu asante. Amejitahidi fijo, sana sana. Labda ni kweli niliota."

Maneno yale yalinichoma. Mtu aliyeshikilia kitu kimoja maisha yake yote dhidi ya kicheko cha ukoo mzima, alikuwa anakiachia mbele yangu kwa sababu ya mti uliokatika tawi. Na kilichomkwamisha si mawingu. Mawingu yalifunguka mara mbili. Tuliomkwamisha ni sisi.

Jumapili asubuhi ilikuwa siku ya kurudi. Chakula kilikuwa kimekwisha, blanketi zilikuwa zinachuruzika maji, na mwenye duka alikuwa na duka. Niliwaambia mimi nabaki usiku mmoja zaidi. Waliposikia hivyo wanafunzi wanne, wasichana watatu na mvulana mmoja, walisema nao wanabaki. Mwenye duka alinitazama kwa huruma, akanivisha darubini shingoni. "Irudi kavu," alisema, akateremka na wale watano.

Nami niliteremka mpaka nyumbani kuchukua ndizi. Mama mkwe alikuwa jikoni. Habari ya kikohozi ilikuwa imeshamfikia, maana wanafunzi wa Lupepo hawahitaji redio.

"Leo mdomo wenu hayupo," alisema. "Utafanyaje?"

"Nitamwonyesha mwenyewe, mama."

Aliacha kuchochea moto. "Mwenyewe vipi?"

"Kwa mkono wangu. Na kwa sauti yangu."

"Mwanangu, mimi baba wa mume wangu nilimwona uso siku amelala kwenye jeneza. Wewe una miaka miwili hapa, na tumbo bado. Unataka kulifunga kabisa?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali, si kwa upole. Nikajua ananipenda, tena anaogopa kwa ajili yangu kuliko ninavyoogopa mwenyewe. Nilitaka kumjibu kwa jiografia au kwa Biblia, chochote. Nikamwambia ukweli tu: kwamba ninaogopa, kwamba sijui kama wazee wanasema kweli au hawasemi, na kwamba nikimwacha mzee afe akiamini aliota wakati nyota ilikuwa juu yetu, na mimi nilikuwa na macho, sitakaa vizuri na tumbo lolote, liwe tupu au limejaa.

Mama mkwe alinijazia kapu ndizi. Nilipokuwa nafika kwenye migomba akaniita, akanitupia blanketi zito la kijivu, lile la kitandani kwake.

"Huko kuna baridi na yeye ana kifua," alisema. "Usimwambie nimekutuma."

Kabla ya giza nilikaa katikati ya shamba, uso kusini, kanga mabegani. Wanafunzi wanne walikaa nyuma yangu. Ningeweza kumtumia mmoja wao awe mdomo, lakini nilikuwa nimeshaona neno linavyochelewa likipita kwa mtu wa tatu. Kisha nikasikia kikohozi kwenye njia, mara mbili. Nyuma yangu wanafunzi waligeuka wote. Mimi sikugeuka. Mikono yangu ilitaka kuivuta kanga, nikaikalia.

Mzee alisimama. Akakohoa tena, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyojua kama ina watu. Niliiona fimbo yake, na miguu yake ndani ya mabuti ya mpira yaliyopasuka. Sikupandisha macho zaidi. Alisubiri, nikasubiri. Mwisho yeye ndiye aliyegeuza uso, akavuta kola ya koti, akazunguka shamba kwa pembeni mpaka kwenye dungu. Siku ile baba mkwe ndiye aliyemficha mkamwana uso.

Mawingu yalikuwa mazito kuliko siku zote. Giza likashika, na kwa muda mrefu hatukuona hata mkono. Kila manyunyu yalipokuja niliifunika darubini ndani ya sweta yangu. Nilikuwa nasali, na sala yangu haikuwa na adabu; nilimwambia Mungu kwamba mimi nimefanya yangu, sasa na yeye afanye yake.

Upepo ukabadilika, ukaanza kupanda kutoka ziwani. Niliusikia shavuni kwanza. Kisha juu ya korongo wingu likapasuka, polepole, likatoa nyota moja, tatu, halafu nyingi, na katikati yao ile pamba yangu.

Nilikimbia. Nilikanyaga matuta ya viazi ya baba mkwe bila kujali, nikapanda ngazi ya dungu mara mbili mbili, na nilipofika juu nikasema neno langu la kwanza kwake.

"Baba."

Akakohoa mara mbili. Maskini, kilimtoka chenyewe.

"Nimesikia, baba. Leo sijifichi. Shika hii."

Nilimwekea darubini mikononi. Vioo vilikuwa na mvuke. Nikaichukua tena, nikavifuta kwa pindo la kanga yangu, nikamrudishia. Akaiweka kwenye jicho bovu. Nikaisogeza kwenye jicho la kulia. Akatazama mbali, chini, kwenye mti. Hapakuwa na muda wa kusema mti upi. Nikakishika kidevu chake, chenye ndevu zilizolowa, nikakigeuza kwa mkono wangu.

"Juu kidogo, baba. Bado. Hapo. Usitikisike."

Akaacha kupumua. Mimi pia.

"Ndogo," alisema.

"Safari hii ni ndogo, baba. Iko mbali."

"Mkia mfupi."

"Ndiyo. Mfupi."

Nikaona nimemletea kitu kisichofanana na chake, na roho ikaniuma. Hakuishusha darubini. Alikaa hivyo, mdomo wazi, na mkono wangu bado ulikuwa kwenye kidevu chake kwa sababu nilisahau kuuondoa.

"Alinishika hivi," alisema.

"Nani, baba?"

"Baba. Nilikuwa natazama chini, naogopa kuanguka. Akanishika kidevu, akanigeuza, hivi hivi. Mkono wake ulikuwa na baridi. Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa." Akameza mate. "Sikuota."

Nyuma yetu wanafunzi wangu wanne, kwa adabu yao yote, walikuwa wametugeuzia migongo. Nikawapigia kelele ambayo nadhani ilifika Tukuyu. "Geukeni! Nyie, geukeni mtazame!" Wakageuka. Wakaiona. Mvulana yule alipiga mluzi. Wingu likaanza kurudi kutoka upande wa magharibi, halina haraka, likazifunika nyota moja moja, na ya mwisho kufunikwa ilikuwa yetu.

Mzee akashusha darubini. Palikuwa na giza, lakini si giza la kutomwona mtu aliye mbele yako. Tukatazamana. Alikuwa na sikio moja kubwa kuliko lingine, kama mume wangu. Miaka miwili nilimpikia mtu yule, na sikujua mume wangu alilitoa wapi sikio lile.

"Ndaga," alisema, yaani asante. "Ndaga fijo."

Kisha akakohoa, mara mbili. Mkono wangu ukaenda kwenye kanga wenyewe, ukaanza kuipandisha. Akaushika.

"Hiki ni kikohozi tu, mwanangu," alisema. "Nina baridi."

Nikashuka kuchukua blanketi, nikarudi nikamfunika mabegani nikiwa nimemkabili. Alilishika pindo, akalinusa, akajua la nani. Mimi sikumwambia nimetumwa.

Aliishi miaka mitatu baada ya hapo. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa masika yaliyofuata, na mama mkwe mpaka leo anasema ni lile blanketi lililotuombea msamaha, mimi simbishii. Mzee aliendelea kukohoa akiingia uani, kwa mazoea, mara mbili, na mimi nilikuwa naacha nilichoshika, nageuka, namtazama, namwambia, "Karibu, baba."